Joto la Taa Linakwenda Wapi?

Mnamo Oktoba 1915, Robert Innes, mzaliwa wa Edinburgh aliyekuwa akiongoza kituo cha kuangalia nyota juu ya kilima cha Observatory, Johannesburg, alitoa waraka mfupi kuhusu nyota moja hafifu iliyokuwa ikihama kwa kasi isiyo ya kawaida. Alikuwa ameweka sahani mbili za picha za anga ile ile, moja ya mwaka 1910 na nyingine ya 1915, kwenye mashine inayomwonyesha mtazamaji picha hii, halafu ile, kwa kupokezana. Nyota zote zilitulia mahali pake isipokuwa moja, iliyokuwa ikirukaruka. Leo tunaiita Proxima Centauri. Ukiacha Jua, hakuna nyota iliyo karibu nasi kuliko hiyo: miaka ya nuru 4.24 tu.

Jirani huyo haonekani kwa macho matupu. Kwanza ni mdogo. Pili, uso wake una joto la nyuzi 2,700 hivi za Selsiasi, karibu nusu ya joto la uso wa Jua, na kitu chenye joto la kiasi hicho kina uchoyo wa mwanga. Zaidi ya asilimia 85 ya nguvu inayotoka Proxima ni mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni ila ngozi huitambua kama joto.

Sasa ingia katika nyumba yoyote ya kitongoji cha Observatory, uinue macho. Ukikuta zile taa ndogo za duara zilizozamishwa darini, na kama bado ni za haloji, basi waya wa tungsteni uliomo ndani ya kila taa unawaka kwa joto lile lile la nyota ya Innes. Maumbile hayabagui nyota na taa. Mwaka 1893 mwanafizikia Mjerumani, Wilhelm Wien, alionyesha kwamba ukijua joto la kitu kinachowaka, unajua pia mionzi yake imelundikana wapi. Kwa nyuzi 2,700, kilele cha mionzi kiko nje ya upeo wa macho yetu. Taa ya haloji ya wati 50 kwa hiyo inakupa wati chache tu za mwanga. Zilizobaki, zaidi ya 40, ni joto. Sebule yenye taa kumi za namna hiyo ina joto la wati 400 na ushee juu ya vichwa vya watu, kila jioni, tangu chakula cha usiku mpaka saa ya kulala.

Ndiyo maana nasema, anayefunga taa hizi anafunga vyombo vya joto vinavyotoa na mwanga kidogo. Watu huuliza inaangaza kiasi gani, inatumia umeme kiasi gani, inapendeza vipi. Swali la kuulizwa kwanza ni hili: joto lake linakwenda wapi?

Joto hilo lisiloonekana liligunduliwa mwaka 1800 huko Uingereza na William Herschel, mwanamuziki aliyegeuka mwanafalaki. Alipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo ukatawanyika rangi zake, akapima joto la kila rangi kwa kipimajoto, kisha akasogeza kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo macho hayaoni kitu. Hapo ndipo joto lilipopanda kuliko kwingine kote. Ugunduzi huo ndio uliokuja kutumika, baada ya zaidi ya miaka 150, kutengeneza taa ninayotaka tuitazame kwa karibu.

Chukua taa ya haloji iliyokwisha kuungua, ile yenye kikombe cha kioo kisichozidi sentimita 5 kwa upana na pini mbili nyuma. Ielekeze dirishani mchana. Kikombe kitakuonyesha zambarau, kijani, mara waridi, kadiri unavyokigeuza. Hakuna rangi iliyopakwa hapo. Ni matabaka mengi yaliyopandana, kila moja jembamba kuliko wimbi la mwanga lenyewe, yaliyopimwa ili mwanga unaoonekana ugonge na kurudi mbele, na infraredi ipenye itokee nyuma. Kikombe hicho kilitengenezwa kwa ajili ya projekta za slaidi, ili filamu isiungue. Maduka ya vito yakakipenda, majumba ya makumbusho yakakipenda: dhahabu inang'aa na mteja hasikii joto, mchoro unaonekana na rangi zake hazikauki. Karibu theluthi mbili ya joto inatokea nyuma.

Katika projekta, nyuma ya taa kuna feni. Katika dirisha la duka kuna nafasi. Taa hiyo ilipohamia kwenye nyumba za watu, nyuma ya kikombe pakawa mahali pa mbao za kenchi, nyaya, vumbi la miaka na viota vya panya. Mtu anaweka kiganja chini ya taa, anasikia uvuguvugu tu, anaridhika. Lakini sehemu kubwa ya joto haikuelekezwa kwenye kiganja chake. Imepanda juu, asikofika.

Na huko juu ndiko watu wanakotandaza sufi ya kuhifadhi joto. Juni na Julai Johannesburg ina baridi ya umande ulioganda, na mwenye nyumba anayetandaza sufi ya kioo, au ile inayotengenezwa kwa magazeti yaliyosagwa na kutiwa chumvi za boroni, anafanya jambo la busara kabisa kwa mfuko wake na kwa mapafu ya watoto. Hatari inaanza sufi inapofunika taa. Wasomaji wa Afrika Kusini wanaufahamu Wonderbag, mfuko mnene uliobuniwa na Sarah Collins mwaka 2008, wakati umeme ulipoanza kukatwa kwa zamu: unachemsha chungu, unakitumbukiza ndani ya mfuko, na chakula kinaendelea kuiva kwa saa kadhaa bila moto. Sufi ya darini inafanya kazi hiyo hiyo. Chungu, hata hivyo, kimekwisha kuondolewa jikoni, joto lake linashuka polepole. Taa iliyofunikwa inaendelea kuongezewa joto kila sekunde, na nyuzi zinapanda mpaka joto lipate pa kutokea au kitu fulani kiharibike.

Observatory ina mambo yake yanayoongeza uzito. Nyumba nyingi za pale ni za miongo ya kwanza ya karne iliyopita, zenye paa za bati la migongo na dari ndefu. Nyingine bado zina dari za bati lililopigwa nakshi. Mchana wa kiangazi, hewa iliyonaswa kati ya bati na dari inaweza kupita nyuzi 50 kabla taa hata moja haijawashwa. Pia kitongoji kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa au Dar es Salaam, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu. Tofauti hiyo peke yake haichomi nyumba, ila inapunguza akiba ya usalama ambayo taa ingekuwa nayo pwani.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni ukarabati. Dari la zamani linaachwa lilivyo, chini yake linashushwa dari jipya la jipsamu, na taa zinazamishwa humo. Kwa macho ni kazi safi. Nyuma ya taa, mahali palipotakiwa pawe na hewa, sasa pana uwazi mwembamba, na juu yake mbao zilizokauka kwa miaka mia.

Mbao hizo hazishiki moto kwa siku moja. Ukiziwekea ulimi wa moto, huwaka zikifika nyuzi 250 hadi 300 hivi. Lakini mbao zinazopashwa miezi na miaka kwa joto la chini ya hapo hubadilika: unyevu unaondoka, zinageuka kahawia, kisha nyeusi, mpaka uso wake unakuwa kama mkaa. Wataalamu wa moto bado wanabishana ni nyuzi ngapi za chini kabisa zinazoweza kuiwasha mbao iliyofikia hali hiyo. Waandishi wa kanuni za umeme hawakungoja ubishi uishe. Kanuni ya Marekani inataka kitu chochote kinachoweza kuungua karibu na taa kisipashwe zaidi ya nyuzi 90.

Nyaya zina kikomo cha chini zaidi. Ganda la plastiki la waya wa kawaida wa nyumbani limepimwa kuvumilia nyuzi 70. Wahandisi wana kanuni ya makadirio wanayoitegemea sana: kila nyuzi 10 zinazozidi kikomo hupunguza umri wa ganda kwa nusu. Waya unaokaa kwenye nyuzi 100 utaishi nusu ya nusu ya nusu, yaani moja ya nane ya umri wake. Kwanza ganda hukakamaa. Baadaye hupasuka waya unapoguswa, shaba ikabaki wazi. Jipsamu nayo, pamoja na sifa yake nzuri ya kukinga moto, ina maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, kiasi cha moja ya tano ya uzito. Maji hayo ndiyo yanayozuia moto usipite, na joto la muda mrefu huyafukuza. Viwanda hushauri mbao za jipsamu zisikae kwenye joto la kudumu linalozidi nyuzi 52. Ndipo unapoona nyufa nyembamba zikichanua kuzunguka taa, mwenye nyumba akamwita mpaka rangi.

Liko kosa moja la kifikra ambalo nalisikia kwa watu makini kabisa, hata kwa mafundi. Taa hizi ni za volti 12, wanasema, haziwezi kumdhuru mtu. Kwa habari ya kupigwa shoti ni kweli. Kwa habari ya joto, ni kinyume. Wati 50 kwa volti 230 za ukutani zinahitaji mkondo wa ampea 0.22 tu. Wati hizo hizo kwa volti 12 zinahitaji ampea 4 na zaidi, karibu mara 19. James Joule aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1840 kwamba joto kwenye waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo mara 19 za mkondo ni zaidi ya mara 360 za joto mahali palipolegea. Pini iliyoshika kutu kidogo, au holda iliyochoka isiyoibana pini sawasawa, inageuka jiko dogo lake peke yake, pembeni ya taa ambayo tayari ni ya moto. Ukichomoa taa ukakuta pini zimegeuka bluu au nyeusi, au kauri ya holda imepasuka, umeliona joto la Joule kwa macho yako.

Halafu kuna pete, ule mduara wa chuma au plastiki unaoonekana chini ya dari, unaofunika ukingo wa tundu. Watu huiona kuwa ni pambo, wanaibadilisha kama wanavyobadilisha pazia: hii ilikuwa ya shaba, naitaka nyeupe, naitaka yenye kioo mbele isiingie mvuke bafuni. Lakini pete ni sehemu ya njia ya joto. Ile ya wazi huacha hewa ipande. Yenye kioo huifunga. Ya alumini nene hupokea joto na kulitawanya. Ya plastiki hafifu hulizuia, ikalainika na kujikunja. Pete iliyopimwa na taa ya wati 35 haistahimili ya wati 50, na wati zinazoruhusiwa huandikwa kwenye kibandiko ndani ya taa, mahali ambapo hakuna anayesoma baada ya siku ya kwanza. Kibandiko hicho kisomwe kila bulbu inapobadilishwa.

Baadhi ya taa za kuzamisha zina swichi ndogo ya usalama inayokata umeme zikipata joto kupita kiasi, na kuurudisha zikipoa. Dalili yake ni taa inayojizima na kujiwasha yenyewe.

“Fundi, hii ya jikoni inazima halafu inarudi, tena peke yake.”

“Bulbu hiyo imechoka, mama. Tutaweka mpya.”

Bulbu mpya inawekwa, na wiki ya pili taa inazima tena. Taa inayojizima inasema kwamba huko juu kuna kitu kinachoizuia kupumua, na jibu liko juu ya dari. Bulbu haina kosa.

Gharama ya kulipuuza jambo hili imekwisha kuonekana kwingine. Novemba 20, 1992, taa ya spoti iliyogusana na pazia iliwasha moto katika kasri la Windsor, Uingereza, na ukarabati ukagharimu zaidi ya pauni milioni 36. Mfano wa Australia unatuhusu zaidi, maana ulizipata nyumba za watu wa kawaida. Mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo ilianza kugharimia sufi za darini kwa haraka sana, ili kupunguza matumizi ya nishati na kuwapa watu kazi wakati uchumi umeyumba. Makampuni yakaibuka usiku na mchana, vijana wakaingizwa darini bila mafunzo ya kutosha. Wanne walikufa, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto kali. Mioto zaidi ya 200 ya nyumba ilihusishwa na mpango huo, na sufi iliyofunika taa za kuzamishwa ilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Mpango ulifungwa Februari 2010, na mwaka 2014 tume ya kifalme ikatoa ripoti yake. Kanuni za Australia na New Zealand sasa zinataka taa ya haloji, pasipokuwa na maelekezo ya mtengenezaji, iachiwe nafasi ya milimita 200 kutoka kwenye sufi na mbao.

Afrika Kusini nyumba haiwezi kuhamishiwa mnunuzi bila cheti cha usalama wa umeme kisichozidi miaka miwili, ambacho watu wanakiita COC. Ni sheria nzuri, natamani nchi nyingi zaidi zingekuwa nayo. Cheti, hata hivyo, kinaeleza hali ya siku ya ukaguzi. Wiki inayofuata mwenye nyumba anaweza kutandaza sufi juu ya taa zote na karatasi ikabaki halali. Na katika nyumba kubwa zilizogawanywa vyumba vya kupanga, kuanzia Observatory mpaka Yeoville ya jirani, mpangaji mara nyingi hajawahi kukiona cheti hicho.

Wengine watasema haya yamepitwa na wakati, sasa kila mtu anaweka LED. Kwa sehemu kubwa ni habari njema. LED ya wati 5 au 7 inatoa mwanga wa ile ya 50, na joto la jumla linashuka sana. Ila joto la LED halitoki na mwanga kwa njia ya infraredi. Linabaki nyuma ya kidonge kinachotoa mwanga, na lazima litolewe kwa kugusana na chuma, kisha hewa. Ukiifungia LED ndani ya pete yenye kioo, sufi ikaifunika, kinachoanza kufa ni saketi inayoiendesha. Ndiyo maana taa iliyoahidiwa saa 25,000 inazima kabla ya miaka miwili, watu wakalaumu Uchina. Tena nyumba nyingi zimebadilisha bulbu tu. Transfoma za zamani, holda zilizoungua na nyaya zilizokakamaa zimebaki pale pale. Na holda ya zamani inapokea bulbu ya haloji bila kuuliza. Siku LED ikizima na duka la jirani likawa na haloji za bei poa, joto lote linarudi.

Huku kwetu Afrika Mashariki dari la jipsamu limekuwa fahari ya kila nyumba mpya, kutoka Mbezi hadi Kitengela, na mafundi wanazipanga taa hizi, wengi wakiziita spoti laiti, kwa safu na kwa maua. Bati letu nalo linapata jua la mwaka mzima. Hatuna sababu ya kuingoja ripoti yetu wenyewe ya tume.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Jumamosi hii mwite fundi umeme mwenye leseni, zima swichi kuu, ungojee taa zipoe. Msaidie kuchomoa taa moja ya kila chumba. Tazameni pete kama imegeuka kahawia au imejikunja, pini kama zimeungua, waya kama unapinda au unavunjika. Kisha apande darini na kurunzi. Sufi inayogusa taa isogezwe, au taa ivishwe kofia isiyoungua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, isipokuwa ile ambayo kibandiko chake kinasema wazi inaruhusiwa kufunikwa. Mchoro wa taa yenye sufi juu yake uliopigwa alama ya mkasi maana yake taa hiyo hairuhusiwi kufunikwa. Haloji zilizobaki zibadilishwe, pamoja na holda na transfoma zake. Na taa ambayo pete yake imekwisha kubadilika rangi isiwashwe tena, hata usiku mmoja, mpaka fundi aikague.